Nyumba ya mfano Bamburi, na fanicha zake zote: ninunue?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mikindani kwa nyumba ya kupanga. Upande wa Bamburi kuna esteti mpya ya nyumba za ghorofa moja zenye vyumba vitatu vya kulala, na karibu nusu bado zinajengwa. Dalali ameniambia kampuni iko tayari kuniuzia ile nyumba ya mfano iliyo karibu na geti, pamoja na kila kilichomo: makochi, vitanda, mapazia, friji na viyoyozi. Bei ni shilingi milioni 11.5. Nyingine za aina hiyo ni milioni 11, zikiwa tupu. Sharti lao ni kwamba waendelee kuitumia kuonyesha wateja mpaka nyumba zote zinunuliwe, nao watanilipa kodi. Tutakopa benki. Mume wangu yuko Doha kikazi. Nyumba nimeipenda mno, na dalali anataka arubuni kabla mwezi haujaisha. Nifanyeje?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Arubuni usiitoe mwezi huu. Dalali akikwambia kuna mteja mwingine mwenye pesa mkononi, mwambie amuuzie. Kampuni inayotaka kukuuzia nyumba na papo hapo ibaki ndani yake haina haraka ya kutoka, basi nawe huna haraka ya kulipa.

Sikwambii uiache. Kazi yangu ni kukagua na kuthamini majengo, na kwa hali ya hewa ya Pwani yetu nyumba ya mfano huweza kuwa ndiyo nyumba ya busara kuliko zote katika esteti. Sababu yake ni kwamba ndiyo iliyojengwa mwanzo. Imekwisha kuchomwa na jua la kaskazi, imenyeshewa na masika, imepigwa na upepo wa chumvi miezi mingi, wakati jirani zake bado wanapigwa plasta. Kasoro za nyumba za Mombasa hazijitokezi siku ya kukabidhiwa funguo. Husubiri msimu mmoja au miwili. Anayenunua nyumba iliyomalizika wiki iliyopita ananunua kwa imani. Wewe unaweza kununua kwa macho.

Ila kuna jambo la pili, na wengi hawalifikirii. Nyumba hiyo ina umri lakini haijawahi kukaliwa. Hakuna aliyekaanga samaki jikoni mle. Hakuna familia ya watu watano iliyooga mfululizo alfajiri kabla ya shule. Choo kimetumiwa na wauzaji wawili watatu wa mchana. Kwa hivyo kuta na paa zina habari ya kukupa, lakini mabomba, maji na shimo la choo havina habari yoyote, na hivyo itabidi uvijaribu mwenyewe.

Tuanze na kuta, na kwa Mombasa kuta ni habari ya chumvi. Huingia nyumbani kwa njia tatu. Kuna inayoletwa na upepo wa bahari. Hiyo huanza na vyuma vya nje, yaani grili, bawaba za geti, na zile mashine za viyoyozi zilizofungwa ukutani kwa nje. Kuna inayopanda kutoka ardhini pale msingi ulipojengwa bila tabaka la kuzuia unyevu, maana mawe yetu ya matumbawe yana vinyweleo na hunyonya maji. Na kuna ile iliyotiwa na fundi kwa mkono wake mwenyewe: mchanga wa ufuoni usiooshwa, au maji ya kisima cha chumvi yaliyokorogewa simiti kwa sababu maji matamu ya bauza, yaani lori la maji, ni ghali. Hii ya tatu ndiyo ninayoiogopa, kwa kuwa huwezi kuitoa. Imo ndani ya zege.

Zege safi huilinda nondo isishike kutu. Chumvi ikishafika kwenye nondo ule ulinzi huvunjika, kutu huanza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Basi hulisukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke. Ufa wa namna hiyo hunyooka kufuata nondo, aghalabu chini ya boriti au kwenye ukingo wa roshani, na huwa na doa la hudhurungi. Ukiuona huo katika nyumba ambayo haijafika hata miaka mitatu, rudi nyumbani, na wala usitafute nyingine katika esteti hiyo, kwa sababu mchanga na maji yalikuwa ya mjengo mzima. Zile nyufa nyembamba za plasta zinazokwenda ovyo ovyo ukutani si za kukunyima usingizi.

Sasa, nyumba ya mfano hupakwa rangi mara kwa mara. Ndiyo kazi yake, iwe safi kila Jumamosi wateja wakija. Ukisimama katikati ya sebule utaona rangi tu. Nenda mahali ambapo brashi haifiki. Omba kitanda cha chumba kikubwa kisogezwe, uangalie ukuta nyuma ya ubao wa kichwani. Fungua kabati la nguo, ingiza kichwa, tazama pembe za chini. Chuchumaa chini ya ngazi. Vuta friji. Pitisha ukucha kwenye ukuta kimo cha goti: ikiwa rangi inachubuka na chini yake kuna unga mweupe unaong'ara kidogo, weka chembe kwenye ulimi. Ukipata ladha ya chumvi umepata jibu ambalo dalali hawezi kulibishia. Pia ukikuta ukuta mmoja tu umepakwa rangi mbichi na mingine ni ya zamani, uliza kwa nini ule mmoja.

Halafu kiyoyozi. Nyumba ya mfano huwashwa kiyoyozi tangu asubuhi, ili anayeingia kutoka kwenye fukuto la nje apumue na kusema, hapa ndipo. Kiyoyozi hupoza, lakini pia hukausha hewa, na nyumba yenye unyevu hufichika humo kabisa. Mwombe mwenye mradi avizime vyote, afunge madirisha, na iachwe hivyo siku mbili. Wewe uwe wa kwanza kuingia asubuhi ya tatu, kabla hawajafungua chochote. Simama mlangoni unuse. Harufu ya koga haifichiki wakati huo. Kisha nenda jikoni, fungua kabati la chini ya sinki, papasa ukingo wa chini wa mbao. Kabati nyingi siku hizi ni mbao za kusindikwa zilizobandikwa karatasi juu. Zikinyonya unyevu hufura na hazirudi tena. Ombi hili la kuzima viyoyozi ni dogo na halimgharimu mtu kitu. Namna watakavyolipokea itakwambia mengi.

Paa nalo lilipita masika, kwa hivyo lina ushahidi wake. Panda juu na tochi, utazame mbao kwa ndani. Maji yaliyowahi kupita huacha mistari hata yakikauka. Mwambie fundi anayekwenda nawe atafute njia za mchwa. Dari ya jipsam ikiwa na doa la manjano lenye ukingo, jua kulivuja, na doa likiwa limepakwa rangi huonekana ukimulika tochi kwa ubavu.

Hapo umemaliza vyenye umri. Sasa vile ambavyo havijawahi kutumika.

Fungua mabomba yote kwa pamoja, ya juu na ya chini, kisha upige maji vyoo vyote mara moja. Sikiliza. Maji yakigugumia sinkini wakati choo cha juu kinashuka, mfumo wa bomba la hewa una kasoro. Ziba mtaro wa bafu la ghorofani, mwaga maji yajae sakafuni kimo cha vidole viwili, uyaache saa nzima, halafu ushuke utazame dari iliyo chini yake. Gonga vigae vya sakafu kwa sarafu. Vilivyobandikwa vibaya hutoa sauti ya uwazi, na hivyo ndivyo vitakavyong'oka watoto wakianza kukimbia.

Maji ya kunywa ni suala kubwa zaidi ya yote hayo. Mombasa haina chanzo chake cha maji ya kutosha. Hutegemea maji yanayoletwa kutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na hayatoshi, ndiyo maana kuna mgao. Esteti nyingi za Bamburi na Shanzu zimechimba visima, na maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi. Nyumba ya mfano yenyewe huenda inajazwa tanki kwa bauza la maji matamu kwa sababu matumizi yake ni madogo mno. Kwa hivyo usionje maji ya jikoni peke yake. Onja ya bomba la bustanini, onja na ya nyumba ya jirani ambayo bado inajengwa. Uliza kwa maandishi: kila nyumba itapata maji kutoka wapi, mita ni ya nani, na kisima kikiharibika nani hulipia? Maji ya chumvi hula koki, hula mashine ya kuchemshia maji bafuni, hukausha hata ile bustani iliyokuvutia getini. Ukizoea maji ya Mikindani utaona tofauti wiki ya kwanza.

Shimo la choo ni hivyo hivyo. Huko kaskazini ya kisiwa mabomba ya maji taka ya kaunti hayajafika sehemu kubwa, kwa hivyo esteti hutegemea mashimo au mtambo wake wenyewe. Uliza liko wapi, limejengwa kuhudumia nyumba ngapi, na liko umbali gani na kisima. Jiwe la matumbawe hupitisha maji upesi. Kinachoingia shimoni leo hakikawii kufika kisimani. Kwa stima, hakikisha nyumba ina mita yake ya tokeni. Nyumba za mfano nyingi huwa zimeungwa kwenye laini ya mjengo au jenereta, na mjengo ukiisha laini hukatwa.

Vipimo sitakaa navyo sana. Fanicha za maonyesho huchaguliwa kwa udogo ili chumba kionekane kipana. Chukua futi kamba, upime kitanda cha chumba kikubwa. Kikiwa cha futi 4 kwa 6 na chako wewe ni cha 6 kwa 6, chora upana wako sakafuni kwa chaki, uone kama mlango wa kabati utafunguka. Angalia kama milango ya vyumba imeondolewa. Uliza kipi kati ya unavyoviona ni cha kawaida katika kila nyumba na kipi kimeongezwa kwa ajili ya maonyesho: ile meza ya jikoni ya graniti, milango ya mkangazi, taa za darini. Vyote viandikwe kwenye mkataba kwa majina, kimoja kimoja.

Tuje kwenye pesa. Wanakudai nusu milioni zaidi kwa ajili ya fanicha. Makochi yaliyokaliwa na kila mteja wa Jumamosi, kitanda kidogo kuliko chako, zulia na mapazia: ukienda Kongowea au mjini na orodha hiyo utaona mwenyewe kwamba kwa nusu milioni ungenunua vipya unavyovipenda. Friji na viyoyozi vina thamani zaidi, lakini dhamana ya dukani huhesabiwa tangu siku kampuni ilipovinunua, si siku wewe utakapoingia. Dai risiti na kadi za dhamana. Na mashine ya nje ya kiyoyozi, kama ilivyo kwa grili, imekuwa ikiliwa na chumvi wakati wote huo.

Benki haikopeshi juu ya makochi. Itamtuma mthamini wake, naye atathamini ardhi na jengo tu. Tuseme akaandika milioni 10.5, na benki hukopesha asilimia 80. Utapata milioni 8.4, siyo ile 9.2 uliyokuwa ukiipigia hesabu kwa bei ya 11.5. Pengo lako la pesa taslimu linapanda kutoka milioni 2.3 hadi 3.1. Watu hupoteza arubuni hapo, wakishasaini na kugundua hawawezi kujaza pengo. Juu ya hiyo kuna ushuru wa stempu, ambao hulipwa na mnunuzi, na kwa Bamburi ni asilimia 4: kwa milioni 11.5 ni shilingi 460,000. Ushuru huo ni wa ardhi na jengo. Kwa hivyo kama utachukua fanicha, ziandikwe kwenye orodha ya peke yake kwa bei yake ya haki. Usikubali mtu akushauri uzidishe bei ya makochi ili kupunguza ushuru. Mthamini wa serikali naye hukadiria, na uongo wa namna hiyo ni kosa.

Hili la wao kubaki ndani ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote katika barua yako. "Mpaka nyumba zote zinunuliwe" si tarehe. Soko likilala, miaka mitatu itapita na wewe bado uko Mikindani, unalipa kodi ya huko na mkopo wa nyumba ambayo watu wengine wanaitumia kama ofisi. Piga hesabu: kwa mkopo wa milioni 8.4, riba ikiwa tuseme asilimia 13, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni shilingi 91,000. Kodi wanayokuahidi iweke kando ya namba hiyo uilinganishe. Kisha kuna kodi ya serikali kwa mapato ya kupangisha. Na kuna nafuu ambayo ungeikosa: sheria ya kodi ya mapato humruhusu mlipa kodi kuondoa katika mapato yanayotozwa kodi riba ya mkopo wa nyumba hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, lakini ni kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Kampuni ikiwa ndani, wewe huishi humo. Benki nayo ni lazima iambiwe mapema, kwa sababu inayokukopesha kwa makazi yako haitapenda kukuta ofisi ya mauzo.

Ikiwa bado unaitaka, basi wabaki kwa mkataba wa upangaji wenye tarehe ya mwisho. Miezi sita inatosha, na iwe na faini kwa kila siku watakayozidisha. Waandike kwamba umeme, maji, bima na ada ya huduma ya esteti ni juu yao. Watoe amana. Siku ya kutoka wapake rangi upya, wabadilishe vitasa vyote vya milango, maana wanaojua funguo za nyumba hiyo ni wengi. Na ule muda wa kampuni kurekebisha kasoro bure, ambao mikataba mingi huuweka miezi 6, uanze kuhesabika siku utakapokabidhiwa nyumba ikiwa tupu. Usipoliangalia hili, muda huo utaisha wao wenyewe wakiwa ndani, na siku utakapofungua maji ya kuoga kwa mara ya kwanza hakutakuwa na wa kumdai.

Fikiria pia mahali ilipo. Geti ni pazuri kwa maonyesho, lakini kwa esteti ambayo nusu bado ni mjengo, getini ndipo malori ya kokoto yanapopita. Vumbi hilo ni lako na watoto wako mpaka nyumba ya mwisho imalizike. Na ikiwa esteti inapakana na barabara kuu ya Malindi, ambayo inapanuliwa, mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe mawe ya mipaka na akuhakikishie kwamba ua wa nyumba yako hauko kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara.

Nimeacha hati hadi sasa ili uisome ukiwa umetulia, kwani hapa ndipo pesa hupotea bila kurudi. Sisi wa Pwani tunajua kwamba mtu aweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Mitaa mizima ya Mombasa imekaa hivyo, mwenye nyumba akimlipa mwenye kiwanja. Tunajua pia yaliyotokana na sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyotaka kila mwenye dai katika ukanda wa maili kumi ajitokeze kuliandikisha. Wengi wa babu zetu hawakufanya hivyo, ardhi zikaandikwa kwa majina mengine, na ugomvi wake haujaisha. Kwa hivyo usitosheke na nakala ya hati atakayokupa dalali. Wakili wako, wa kwako wewe na si wa kampuni, afanye upekuzi rasmi katika rejista ya ardhi. Aangalie kama hati mama, ile ya ardhi yote ya esteti, imeshagawanywa na nyumba hiyo ina hati na namba yake ya ploti. Aangalie rehani: kampuni nyingi hujenga kwa mkopo, na ardhi yote huwa imewekwa benki. Si dhambi, ila ni lazima benki hiyo iandike kwamba itaiachilia ploti yako bei yake ikishalipwa. Aangalie zuio lolote, kisha atafute katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa kama kuna kesi juu ya ardhi hiyo. Na wewe mwenyewe, alasiri moja, nenda ukazungumze na wenyeji wa karibu na mzee wa mtaa. Waulize ardhi ile ilikuwa ya nani na nani alihamishwa. Rejista haina kila kitu.

Kwa upande wa ujenzi, taka kuona ramani zilizoidhinishwa na kaunti, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na cheti cha kaunti cha kuruhusu nyumba ikaliwe. Cheti hiki cha mwisho nakisisitiza. Nyumba ya mfano hujengwa mbio ili mauzo yaanze, na kwa kuwa hakuna anayelala humo hutokea isiombewe cheti kabisa. Bila cheti hicho, kisheria hupaswi kuhamia. Ikiwa ardhi ni ya ukodishaji wa miaka 99, uliza imebaki miaka mingapi na kama kodi ya ardhi na ada za kaunti zimelipwa hadi leo. Na barabara za ndani, kisima na geti ni mali ya nani? Viwe chini ya kampuni ya usimamizi ambayo nanyi wenye nyumba mna hisa. Wasomaji mnaonunua fleti, kwenu ni Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, kila fleti na hati yake.

Arubuni itakapofika wakati wake, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, usimpe dalali mkononi wala usimtumie kwa simu. Ikae kwenye akaunti ya wakili wa muuzaji kama amana, asiiguse mpaka hati ihamishwe kwa jina lenu, na mkataba useme itarudi yote benki ikikataa kukukopesha. Dalali mwenyewe umuulize namba yake ya usajili kwa bodi ya mawakala wa nyumba. Mkataba wa ardhi ni lazima uwe wa maandishi, usainiwe na ushuhudiwe, kwa hivyo yote aliyokuahidi kwa mdomo kuhusu fanicha na kodi hayana uzito wowote mpaka yaandikwe. Kwa kuwa mnanunua kwa pamoja, hati iwe na majina yenu wote wawili. Shemeji aliye Doha anaweza kusaini mbele ya mthibitishaji wa hati huko, au akupe hati ya uwakilishi itakayosajiliwa hapa. Aanze mapema, maana karatasi za kutoka nje huchelewa.

Mapenzi yako kwa nyumba hiyo nayaheshimu, dada. Umehama hama na watoto, ukaingia mahali palipopambwa pakakutuliza moyo. Nenda tena siku ya kazi, saa nane mchana, viyoyozi vikiwa vimezimwa, na watoto ukiwa nao. Waache wapande ngazi na kushuka. Kama bado utaitaka baada ya hapo, mpelekee dalali ofa ya maandishi: milioni 10.7, nyumba pamoja na viyoyozi, makabati ya jikoni na mashine za maji moto, kwa sharti la ukaguzi, cheti cha kukaliwa, hati iliyokwisha kugawanywa, na wao kutoka ndani ya miezi sita. Bei hiyo ni ya haki kwa nyumba iliyotumika kama ofisi na itakayozungukwa na mjengo kwa muda. Makochi, zulia na mapazia wayachukue wenyewe. Watayahitaji katika nyumba watakayoonyesha baada ya hiyo.